Domeini iandikwe jina la nani? Kwa mnaoanza kazi hii

Ukiajiriwa kwenye ofisi ya kutengeneza tovuti hapa Dar, mara nyingi kazi ya kwanza kukabidhiwa ni hii: "Msajilie mteja domeini," yaani jina la tovuti yake mtandaoni. Unaangalia kama jina liko wazi, unajaza fomu, unalipa, na chai yako haijapoa. Kwa kuwa inaonekana nyepesi, anaachiwa mgeni. Lakini kesi nyingi tunazoletewa baada ya miaka miwili mitatu, za tovuti kupotea na barua pepe kukatika, ukizifuatilia zinarudi kwenye ile fomu.

Hakuna anayenunua domeini ikawa yake milele. Unalipia haki ya kuitumia kwa muda, kwa .com ni kuanzia mwaka mmoja hadi kumi, halafu unalipia tena. Juu kabisa kuna rejista inayotunza orodha nzima ya majina. Ya .com inaendeshwa na Verisign ya Marekani, na ya .tz ilianzia tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006 na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA. Chini yake kuna wasajili, yaani kampuni zilizoidhinishwa kuuza majina hayo, na mteja hulipa huko. Mwisho yupo mmiliki, ambaye jina lake limeandikwa kwenye kumbukumbu. Wewe fundi, katika mpangilio huo wote, si mmoja wao.

Ndiyo maana nasema swali kubwa la fomu ile ni jina la mmiliki. Mama mwenye duka la vitenge Kariakoo atakwambia, "Mwanangu, weka tu lako, mimi mambo ya imeili siyawezi." Anakuamini, na wewe una haraka. Usikubali. Ni sawasawa na wale wanaonunua gari na kuiacha kadi katika jina la mmiliki wa zamani: gari linatembea vizuri tu mpaka siku linapotakiwa kuuzwa. Utahama ofisi, utabadili namba, labda utakwenda Mwanza, na yule mama atakuwa na bango, mifuko na risiti zenye anwani ya tovuti ambayo kwenye kumbukumbu ni yako. Msajili akiulizwa, anaangalia jina lililoandikwa. Nani alitoa hela ni jambo ambalo yeye mama atalazimika kulithibitisha kwa makaratasi, na makaratasi hayo mara nyingi hana.

Kwa hiyo kaa naye dakika ishirini. Kama biashara ina cheti cha BRELA, andika jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Kama haina, andika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA. Wewe weka jina lako sehemu ya mtu wa ufundi, kama fomu inayo. Nafasi hiyo ipo kwa ajili yako. Na risiti ya malipo iandikwe kwake, hata kama hela imepita kwenye simu yako.

Halafu imeili. Hapa wanateleza hata wakongwe. Mteja akipata domeini yake mpya anapenda kila kitu kiende kwenye anwani ya domeini hiyo hiyo: info@ ikifuatiwa na jina la duka. Kwa wateja wake ni sawa. Kwa akaunti ya msajili ni mtego. Domeini ikiisha muda, barua pepe zake zinakufa nayo, na taarifa kwamba imeisha inatumwa kwenye sanduku lililokufa. Ukijaribu kubadili nywila, kiungo nacho kinakwenda huko huko. Tumia anwani ya nje, Gmail au nyingine yoyote, inayomilikiwa na ofisi ya mteja na inayofunguliwa na zaidi ya mtu mmoja. Weka uthibitisho wa hatua mbili (nywila kisha msimbo) kwa programu ya simu kuliko kwa SMS, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba akapewa mtu mwingine.

Kwa .com na ndugu zake kuna jambo moja zaidi. Mkataba wa mwaka 2013 kati ya wasajili na ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, unataka mawasiliano ya mmiliki yathibitishwe ndani ya siku 15. Mteja asipobonyeza kiungo cha kuthibitisha kinachotumwa kwenye imeili yake, domeini inaweza kusimamishwa, na utapigiwa simu wiki ya tatu: "Kaka, mbona tovuti imezimika na nimelipa?" Usimtumie ujumbe WhatsApp ukaenda kulala. Mwombe afungue imeili ukiwa bado umekaa naye, na aangalie pia kwenye folda ya taka (spam).

Kuhusu jina lenyewe sina mengi. Biashara inayouza Tanzania ianze na co.tz, na kama .com iko wazi na bajeti inaruhusu, ichukuliwe pia. Asasi zina or.tz, vyuo ac.tz, shule sc.tz, go.tz ni ya serikali na haichukuliwi dukani. Sheria za kiufundi ni chache: herufi, tarakimu na kistari, visizidi 63 kati ya nukta na nukta. Jaribio langu ni kumtajia mtu jina kwa simu akiwa ndani ya daladala. Likimlazimu kuuliza "kistari kiko wapi?" achana nalo. Pima pia r na l, kwa sababu nusu ya mji itaandika kalanga pale ulipoandika karanga. Jina likiwa na mtego huo, sajili yote mawili. Na kumbuka kwamba BRELA na domeini ni milango tofauti. Kupata jina kwenye mmoja hakukupi haki kwenye mwingine, kwa hiyo angalia yote siku hiyo hiyo kabla mteja hajachapisha vipeperushi.

Tarehe ya kuisha ndiyo inayokula watu. Domeini ya .com ikipita tarehe yake haipotei papo hapo. Msajili anaweza kukupa nafasi ya hadi siku 45 kulipia, ingawa wengi hukata mapema zaidi na tovuti huzimwa mapema katika muda huo. Msajili akiifuta, zinafuata siku 30 za kukomboa, na ada ya kukomboa inauma. Baada ya hapo siku 5 za kusubiri, kisha jina liko huru kwa yeyote duniani, na wapo wenye mashine zinazolisubiri sekunde hiyo. ICANN inawataka wasajili kukumbusha takriban mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Majina ya .tz yana kanuni zake, hayafuati ratiba hiyo. Soma masharti ya msajili wako, usihamishe mazoea ya .com.

Usidhani ni ugonjwa wa maduka madogo. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, huduma ya Hotmail ikayumba, na mtaalamu mmoja wa Linux huko Marekani akailipia kwa dola 35 kutoka mfukoni.

Watakwambia suluhisho ni kuhuisha kiotomatiki, yaani mfumo ukate malipo wenyewe. Iwashe, lakini usiitegemee. Wateja wetu wengi hulipa kwa kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye simu siku ya kununua, kisha inabaki tupu. Siku ya kuhuisha mfumo unagonga, unakuta sifuri, basi. Mimi ningependa uwe na jedwali moja la domeini zote za wateja, lenye tarehe, msajili na anwani ya imeili, na uanze kumkumbusha mteja miezi miwili kabla. Mteja mmoja mmoja atalipa siku hiyo. Kampuni itataka ankara, kisha sahihi, kisha mhasibu yuko likizo. Domeini zinazoisha Desemba zianze kusumbuliwa Oktoba, kabla bosi hajaelekea Moshi.

Na mteja akikutumia barua ya kampuni asiyoijua inayodai "ada ya haraka" ya domeini yake, au inayosema kuna mtu China anataka kusajili jina lake, mwambie asilipe chochote. Tunalipa kwa msajili wetu tu.

Sasa DNS, mfumo unaoelekeza jina kwenye seva yake. Kosa la kawaida la mgeni ni hili: mteja anahamia seva mpya, fundi anabadili seva za majina (zile zinazotunza rekodi za domeini), tovuti inafunguka, wote wanapongezana. Kesho yake hakuna barua pepe inayoingia, kwa sababu rekodi za MX, zinazoonyesha barua pepe ziende wapi, zilibaki kwenye seva za zamani. Kabla hujagusa kitu, nakili rekodi zote: A (anwani ya seva ya tovuti), MX, na zile TXT (za maandishi) ambazo hukumbuki kazi yake, maana mojawapo ni SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeini hiyo, na bila hiyo ankara za mteja zitaanza kutua kwenye taka. Ziweke upande mpya kwanza. Kama ni rekodi ya A tu inayobadilika, ishushe TTL, yaani muda wa rekodi kukumbukwa, hadi sekunde 300 siku moja kabla, watu hawatakaa na anwani ya zamani kwenye kumbukumbu ya muda, na hutalazimika kumwambia mteja "subiri saa 48."

Kwa .tz kuna la ziada. Mfumo wa usajili wa FRED ambao rejista hiyo imeutumia unaweka seva za majina katika kundi lenye kitambulisho chake, na domeini kadhaa zinaweza kuelekezwa kwenye kundi moja. Ukilihariri kundi kwa ajili ya mteja mmoja, umewahamisha wote waliomo. Tengeneza kundi jipya, kisha mwelekeze huyo mmoja.

Ipo siku mteja ataondoka. Atataka kuhamia kwa msajili mwingine, na atahitaji kufunguliwa kufuli linalozuia domeini kuhama na kupewa msimbo wa uhamisho, ambao ni kama nywila ya kuihamishia. Kwa .com, jina lililosajiliwa au kuhamishwa hivi karibuni mara nyingi hufungwa lisihamishwe kwa siku 60, kwa hiyo mweleze mapema asije akadhani unamzungusha. Kuna ofisi mjini hapa zinazoshikilia msimbo mpaka deni la kutengeneza tovuti limalizwe. Sikubaliani nazo. Deni la tovuti lina ankara yake na lidaiwe kwa ankara hiyo. Jina ni lake na alishalilipia. Mtumie msimbo siku hiyo hiyo kwenye imeili iliyosajiliwa, na ukishaona uhamisho umekamilika, ondoa mstari wake kwenye jedwali.