Muulize Nesi: Mama mdogo ameombwa aingie kwenye utafiti wa saratani, akubali?

SWALI: Assalaam aleikum, Mama Nesi. Mimi ni msomaji wako wa Kizingitini, kisiwani Pate. Mama yangu aligundua uvimbe titini Aprili 2020, kama kokwa ya ukwaju, wakati Mombasa imefungwa kwa ajili ya korona. Akasema atangoja ipite. Alipofika kwa daktari wa saratani ilikuwa Novemba, na ugonjwa umeshafika kwapani. Tulimzika 2022.

Mwaka huu mdogo wake, mama mdogo wangu, naye amekutwa na saratani ya titi. Yeye hakungoja. Ameshapasuliwa, na uvimbe ulikuwa mdogo. Sasa ameambiwa atachomwa kwa mionzi, naye anauliza atalala wapi mjini wiki zote hizo. La pili, ameombwa aingie kwenye utafiti, akapewa karatasi za kutia sahihi. Mjomba amekataa katakata. Anasema watamfanya panya wa maabara na damu yake itauzwa ng'ambo. Mimi ndiye niliyesoma nyumbani kwetu, wote wananitazama. Nimwambie nini?
Binti wa Kizingitini

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu mama, na usimlaumu kwa kungoja. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka ule nilikuwa bado kazini hapa Malindi. Kuna mama tulimkata kinyama cha titi, tukakitia kwenye kichupa cha dawa, tukabandika jina, kiende Mombasa kupimwa. Siku zote vichupa vile vilisafiri na dereva wa matatu tunayemjua. Kuanzia 8 Aprili Mombasa ikafungwa, matatu zikasimama. Kichupa kikakaa rafuni juu ya sinki wiki 5. Kila asubuhi nikinawa mikono nakiona. Na malori ya unga na vitunguu yalikuwa yakipita vizuizini kila siku, maana mizigo iliruhusiwa! Hakuna mkubwa aliyefikiria kumpa dereva wa lori kichupa, wala mimi sikufikiria. Linaniuma mpaka leo. Novemba mwaka huohuo jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za saratani: kila wiki 4 za kucheleweshwa matibabu huongeza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 6 hadi 13. Nilipousoma nilikikumbuka kile kichupa. Mama yako alingoja, ndiyo, lakini nasi tuliokuwa na funguo za milango tulingoja.

Sasa mionzi. Aprili ileile mama alipogusa uvimbe wake, Uingereza yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FAST-Forward. Wagonjwa 4,096 wa saratani ya titi iliyogunduliwa mapema, wote wameshapasuliwa, waligawanywa: baadhi wachomwe mara 15 kwa wiki 3, wengine mara 5 tu kwa wiki moja. Wakafuatiliwa miaka 5. Waliochomwa wiki moja hawakuwa nyuma ya wenzao, saratani haikuwarudia titini zaidi. Na kwa kuwa ilikuwa korona, hospitali nyingi za kule hazikungoja. Zilishika njia ya wiki moja mara moja ili wagonjwa wasifike hospitalini mara nyingi.

Faida ya jambo hili ni ya nani zaidi kama si ya mtu wa Kizingitini? Yeye hungoja maji yajae boti ipite mlango wa bahari wa Mkanda, ashuke Mokowe, apande basi, apite Witu na Garsen, alale Malindi kwa jamaa, kesho aianze tena safari. Basi mama mdogo amuulize daktari wake waziwazi: "Mimi nafaa kuchomwa mara 5?" Si kila mgonjwa anafaa. Tezi za kwapani zikihitaji mionzi nazo, huenda akapangiwa siku zaidi. Lakini aulize, asione haya.

Na hiyo wiki moja imepatikana vipi? Kwa wagonjwa waliotia sahihi karatasi kama hizo alizopewa.

Mjomba wako simcheki hata kidogo. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na habari za mumiani, na mpaka leo mgonjwa hutolewa damu chupa tatu bila kuambiwa hata moja ni ya nini. Hofu hiyo tumeipanda sisi wenyewe wa hospitali. Ila mweleze habari ya hapa nyumbani. Wasichana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, wa miaka 15 hadi 20, waliingia utafiti wa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Wengine walipewa chanjo hiyo dozi moja, wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Korona ikawakuta katikati, wakafuatiliwa hivyohivyo. Baada ya miezi 18, dozi moja ilionekana kukinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za kirusi zilizo hatari zaidi. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike. Na wale waliopewa chanjo nyingine hawakuachwa, nao walichanjwa ya HPV baadaye. Kwa msichana wa Pate, dozi moja ni safari moja.

Hata hivyo sikwambii atie sahihi. Asitie papo hapo hospitalini. Ana haki ya kwenda na karatasi nyumbani, na ya kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa. Muisome pamoja. Mnachotafuta ni hiki: wanajaribu kitu gani, na akikataa atapewa tiba gani. Damu kiasi gani, itawekwa wapi, itavuka bahari au la, na ikivuka inakwenda kufanyiwa nini. Akidhurika nani atamtibu. Nauli nani analipa. Kamati gani ya maadili imeidhinisha, na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, kipo? Na liwepo neno kwamba anaweza kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Neno hilo likikosekana, arudishe karatasi.

Aulize pia ni mara ngapi atatakiwa kufika. Wakati wa korona nilikuwa na daftari la mistari lenye namba za wagonjwa wetu. Kila Jumatano nikiwapigia: una homa? una vidonda mdomoni? unakula? Barabara zilipofunguliwa daftari likafungwa, tukarudi kumwita mtu wa Witu apoteze siku nzima aje aulizwe kama anakula. Hatukupaswa kuliacha. Kipimo cha damu kikiweza kufanyiwa hospitali ya King Fahd hapo Lamu na majibu yakatumwa, kwa nini apande basi? Utafiti unaomtaka mtu wa visiwani afike mjini kila mara utampoteza, na majibu yake yatakuwa ya watu wa mjini peke yao.

Siku ya kumwona daktari, mjomba afuatane naye. Maswali ya damu ayaulize yeye kwa mdomo wake, ajibiwe. Kisha mama mdogo ndiye atakayetia sahihi, au asitie.