Barua kwa mwanangu: mashine ya mkate usiniletee kutoka Chicago

Kinondoni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sote tu wazima. Katika barua yako umeniuliza kama ile mashine yetu ya mkate imekufa kabisa au inahitaji fundi tu, na ikiwa imekufa, nikuambie ni ipi ya kununua huko Chicago ili uje nayo Desemba. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka utoe fedha zako kwa kitu ambacho sijakichunguza.

Mashine yenyewe haijafa yote. Mota inazunguka na joto linatoka vizuri. Kilichokwisha ni mpira ulio chini ya sufuria, pale mhimili unapopita kwenda kuzungusha kipande cha kukandia, na sasa kila nikipima maji, sehemu yake huvuja kabla unga haujashikana. Fundi mmoja wa Kariakoo alitaka kunitilia mpira mwingine aliokuwa nao, lakini haukuwa wa kukaa kwenye chakula wala kwenye moto, nikakataa. Nilizunguka siku mbili nikitafuta sufuria ya aina ile, na kila duka lilinijibu kwamba linauza mashine nzima, si sufuria peke yake. Hapo ndipo nilipojua kuwa tulikosea tangu siku ya kununua: tulihesabu programu zilizoandikwa kwenye boksi, tukasahau kuuliza spea. Sufuria na kipande cha kukandia ndivyo vinavyochoka kwanza katika mashine yoyote ya mkate, kwa hiyo ambayo sufuria yake haiuzwi kando siitaki tena, hata iwe na programu 25. Mimi na mama yako hutumia tatu tu: mkate wa kawaida, mkate wa atta, na ile ya kukanda na kuumua bila kuoka, ambayo ndiyo ya maandazi ya Jumamosi.

Sasa kuhusu ile mashine ya Zojirushi, kampuni ya Kijapani, uliyoipendekeza. Nimeisoma kwa makini na ninaiheshimu: ina vipande viwili vya kukandia ndani ya sufuria ndefu, na joto hutoka hadi kwenye kifuniko, hivyo mkate hupata rangi juu pia. Lakini hiyo inayouzwa huko imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na wetu ni 230. Ikichomekwa moja kwa moja hapa, waya wake wa joto utavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya uliyopimiwa, nao utaungua. Utasema tununue transfoma, lakini transfoma ya kubeba mzigo huo kwa saa tatu au nne ni kubwa na nzito, na isitoshe hupunguza volti tu. Mizunguko ya umeme hubaki 50 kwa sekunde badala ya 60 ya huko, na mota za aina fulani huenda polepole kwa sababu hiyo. Sitaki kuweka jikoni kitu kinachohitaji kitu kingine ili kifanye kazi.

Ndiyo maana moyo wangu umeelekea kwenye Panasonic za soko la Uingereza. Umeme wao unalingana na wetu, plagi yao ya meno matatu bapa huingia kwenye soketi zetu bila kiunganishi, na sufuria na kipande cha kukandia huuzwa peke yake. Kuna jambo jingine lililonivutia. Kampuni hiyo, wakati ikiitwa Matsushita, ilipokuwa ikitengeneza mashine yake ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1987, ilishindwa kupata mkate mzuri mpaka mfanyakazi wake Ikuko Tanaka alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka. Huko aligundua kwamba mwokaji havuti kinyunga tu, bali hukipindua kwa wakati uleule, na wahandisi wakaongeza matuta ndani ya chombo ili kinyunga kishikwe na kupinduliwa. Nilipomsomea mama yako habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema hivyo ndivyo bibi yako alivyomfundisha. Tangu mama yako avunjike kifundo cha mkono hawezi tena kukanda, na ndiyo sababu jambo hili nalipa uzito ambao pengine unauona umezidi.

Joto la hapa nalo linahesabiwa. Mashine hufuata saa, haiangalii kinyunga kimeumuka kiasi gani, na mnamo Januari na Februari mkate wetu ulikuwa ukipanda kupita kiasi kisha unabonyea katikati wakati wa kuokwa. Dawa yake ni maji ya friji na kupunguza hamira kidogo. Hata hivyo, baadhi ya Panasonic zina kisanduku kinachoiachia hamira yenyewe wakati wake ukifika, na hiyo ingenisaidia ninapotega usiku ili mkate uwe tayari asubuhi. Umeme ukikatika, mashine nyingine hukumbuka zilipofikia kwa dakika chache tu na nyingine hazikumbuki kabisa, basi hilo lisomwe kwenye kitabu cha maelekezo kabla ya kulipa. Ukubwa usikusumbue, ilimradi iweze kuoka mkate mdogo. Sisi ni wawili, na kwa unyevunyevu wa hapa mkate huota ukungu siku ya tatu.

Kwa hiyo naomba usibebe chochote kutoka huko. Mtoto wa shangazi yako aliye Leicester, Uingereza, naye anakuja Desemba, na ameshakubali kuileta hiyo Panasonic. Kama bado unataka kutugharimia, mtumie yeye fedha, pamoja na za kipande kimoja cha kukandia cha akiba. Mwambie aipige picha ile karatasi iliyobandikwa nyuma au chini ya mashine, inayoonyesha volti na namba ya aina yake, anitumie kabla hajalipa. Nitaisoma siku hiyohiyo na kumjibu.

Mimi baba yako.