Ramani ya kununua au ofisi inayochora na kujenga? Yaliyonikuta Mombasa

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue ramani iliyo tayari halafu utafute fundi, au uikabidhi ofisi ndogo inayochora na kujenga yenyewe kile kiwanja chako cha Mtwapa. Mimi nimejenga kwa njia zote mbili, nikaumia kwa moja.

Nyumba ya kwanza nilinunua ramani. Aliyeichora hakuwahi kukanyaga kiwanja, wala hakuonana na fundi hata siku moja. Ngazi ilipofika juu ikakuta mhimili wa zege, ikawa kila apandaye sharti ainame. Fundi akasema kafuata mchoro, mchoraji akasema fundi hajui kusoma mchoro. Kuvunja nikalipa mimi, na kujenga upya nikalipa mimi. Sebule nayo ina dirisha kubwa la kioo upande wa magharibi. Ikifika saa tisa alasiri hapakaliki.

Ya pili ilikuwa ya mamangu, Kisauni. Nilienda kwa ofisi ya watu wanne: msanifu majengo, ambaye ni binti wa hapa hapa; mkadiriaji, yaani mpiga hesabu za vifaa na gharama; kijana wa michoro; na mwashi mzee tuliyemwita Ami. Hesabu za msingi na nondo walimpa mhandisi wa nje. Kilichonivutia ni kwamba Ami alikuwa na kiti mezani tangu mchoro ukiwa wa penseli. Binti akichora ukuta humgeukia: "Ami, hii yajengeka?" Naye: "Yajengeka, lakini tutakata mawe mengi bure. Punguza nusu jiwe." Vyumba vikapimwa kwa urefu wa jiwe la matumbawe, na vipande vya kutupa vikawa vichache mno. Ndivyo walivyofanya wazee wa Mji wa Kale. Upana wa chumba waliuamua kwa boriti ya mkoko, ambayo haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba.

Kabla ya kuchora walikuja kiwanjani asubuhi, adhuhuri na jioni. Walitaka kujua kusi yaingilia wapi na kaskazi wapi, maana pwani yetu pepo hizo mbili zimegawana mwaka. Kuta ndefu wakazielekeza kusini na kaskazini, na upande wa magharibi wakaweka choo, stoo na ngazi.

Kisha wakapiga vijiti, wakafunga kamba na kumwaga chokaa chini, nyumba nzima kwa vipimo vyake halisi. Mamangu akatembezwa. Alipofika "jikoni" akasimama kimya, halafu akasema: "Mwanangu, nikikalia mbuzi hapa nikikuna nazi, mtu akipiga hodi nitamwonaje?" Binti hakubisha. Aling'oa vijiti viwili akausogeza mlango, na mbele yake pakapatikana daka, yaani kijiukumbi cha mlangoni, lenye baraza pande zote mbili. Leo mamangu huketi pale kila jioni. Kwenye ramani ya kununua nani angemuuliza?

Siku moja lori lilileta mchanga. Ami akachota kidogo, akaulamba, akatema. "Una chumvi huu. Rudisha." Dereva akalalamika sana, lakini lori liligeuka. Chumvi hula nondo ndani ya zege taratibu, na miaka michache baadaye dari huanza kubanduka vipande. Nimeona nyumba nyingi karibu na bahari zimeharibika hivyo.

Sasa hatari yake, na hapa nakuomba usikilize vizuri. Anayechora ndiye anayejenga na ndiye anayekuletea hesabu. Hakuna wa tatu wa kumkosoa. Kwa hivyo mtafute mkadiriaji wako mwenyewe, umlipe aje kupima kila hatua kabla hujatoa pesa: msingi, linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), paa, kumalizia. Usilipe kwa mwezi, lipa kwa kazi iliyosimama. Hakikisha msanifu amesajiliwa na BORAQS, bodi ya kusajili wasanifu na wakadiriaji majengo, na anayejenga ana usajili wa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, na michoro iidhinishwe na kaunti kabla jembe halijagusa ardhi. Na mkiandikiana, kila mabadiliko yatiwe sahihi na bei yake. Ule mlango wa mamangu uliandikwa, japo ulikuwa wa bure.

Mimi pia nilizuia sehemu ya kumi ya malipo mpaka masika yapite, na walikubali tangu mwanzo. Ofisi ikikukatalia hilo, toka.

Masika yakaja, maji yakapenya pale paa linapokutana na ukuta wa jikoni. Nilipiga simu asubuhi. Kabla ya adhuhuri Ami alikuwa juu ya ngazi na mwiko mkononi, binti yuko chini amemshikia, na hakuna aliyeniuliza kosa ni la nani.