Kompyuta ya injini na joto la Malindi: usikimbilie kununua nyingine

Gari linawaka vizuri asubuhi, linafika Gede, linaanza kukohoa kisha linazima. Ukilingoja nusu saa chini ya mwembe, linawaka tena kama halikuwa na neno. Hapo fundi husema boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua, na mwenye gari anaanza kupiga simu Mombasa kutafuta ya mtumba. Pole pole kwanza. Dalili hiyohiyo huletwa na sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) iliyochoka, au rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya petroli iliyopasuka lehemu ndani, na hivyo viwili hufa mara nyingi kuliko kompyuta.

Njia ya kutenganisha ni rahisi. Injini ikiwa bado haijapata moto, liache gari lingurume, kisha pasha kompyuta peke yake kwa mashine ya kukaushia nywele, dakika 5 hadi 10. Gari likizima, umempata mgonjwa. Lisipozima, peleka joto kwenye rilei, halafu kwenye sensa. Wakati unapasha, multimita, kile kipimo cha umeme, iwe kwenye waya wa volti 5 unaolisha sensa. Isome kati ya 4.9 na 5.1. Ikishuka kadiri boksi inavyopata joto, chomoa sensa moja moja kabla ya kuhukumu, maana sensa yenye shoti nayo huzivuta volti hizo chini. Pima pia kati ya waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi) wa kompyuta na ncha hasi ya betri, injini ikinguruma na taa zikiwaka: ukiona zaidi ya volti 0.1, kuna kutu mahali, na chumvi ya pwani hii haikosi kuhusika.

Ikithibitika ni boksi, bado si mwisho wake. Chipu yenyewe hufa mara chache. Kinachokufa ni kapasita za maji, vile vihifadhi umeme vyenye umbo la kopo dogo. Kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu hivi. Iliyoandikwa 105°C na saa 2,000 itaishi kama saa 32,000 kwenye nyuzi 65, lakini saa 8,000 tu kwenye nyuzi 85. Magari ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yanajulikana sana kwa ugonjwa huu, hasa Mitsubishi Eclipse na 3000GT.

Toa ncha hasi ya betri, subiri dakika 10, chomoa boksi, ifungue na upige picha kabla ya kugusa chochote. Kisha nusa. Kapasita iliyovuja hunuka samaki. Katika gari la Malindi harufu ya samaki haimshangazi mtu, lakini ikitoka ndani ya boksi la aluminiamu usiipuuze. Tazama chini ya kila kopo: utaona ukoko wa kahawia, au njia ya shaba kwenye ubao wa saketi iliyogeuka kijani.

Kutoa kapasita zilizovuja na kufunga mpya, tumia pasi ya kulehemu inayodhibiti joto, karibu nyuzi 350, na lehemu ya 60/40 (bati kwa risasi) nyembamba. Kwangua kwanza ile rangi ya kinga iliyofunika miguu ya kapasita, la sivyo utakaa na pasi juu ya ubao mpaka njia ya shaba ibanduke. Safisha kwa mswaki na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, mpaka ukoko uishe wote. Ukibaki, utaendelea kula shaba chini ya kapasita mpya. Njia iliyokatika iunge kwa waya mwembamba.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake, kimeandikwa juu) zilezile, volti zilezile au zaidi, na ya 105°C au 125°C. Isiwe ndefu hata ikagusa kifuniko. Mstari kwenye kopo huonyesha upande hasi, ila kwenye kapasita za tantalamu mstari ni upande chanya. Wengi wamelipua ubao kwa kusahau hilo. Ukiwa ndani, pitia pia lehemu za pini za soketi kwa kioo cha kukuzia. Ufa wa mviringo kuzunguka pini ni kazi ya kupanuka na kusinyaa kwa miaka. Transista zilizobanwa kwenye ukuta wa boksi zipakwe upya krimu ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya mchele kwa kila moja.

Malizia kwa kupulizia ubao kinga ya akriliki mara mbili, nyepesi, huku soketi imefunikwa kwa tepu. Kuziba kifuniko usitumie silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki: asidi yake hula shaba. Na usiijaze boksi silikoni. Itafukia joto humohumo.

Kuhusu kinga, kwanza jua boksi lako liko wapi. Kwenye Impreza liko chini ya kapeti ya abiria, na adui wake mkubwa ni kapeti iliyolowa. Kwenye Mazda RX-8 liko chini ya boneti karibu na betri, BMW E46 chini ya boneti karibu na kioo cha mbele. Haya ya chini ya boneti ndiyo yanayoungua, na mara nyingi si barabarani. Ukitoka Mombasa kwa kasi, kilomita kama 120, ukazima mara moja, upepo umekatika lakini taabo (tabochaja, kama gari lako linayo) na eksosi bado zina moto, na joto chini ya boneti hupanda. Ngurumisha dakika 2 kabla ya kuzima, kisha fungua boneti dakika 15, hasa wakati wa kaskazi.

Kati ya taabo na boksi weka bati la aluminiamu la milimita 1, lenye nafasi ya milimita 15 hadi 20 kila upande hewa ipite. Kubandika foili moja kwa moja juu ya boksi ni kuivisha sweta. Bendeji ya eksosi, kitambaa cha kuzungushia bomba la moshi, hupunguza joto kweli, lakini hushika unyevu wa chumvi na kuozesha bomba la chuma cha kawaida, kwa hiyo ifunge kwenye chuma kisichoshika kutu tu. Na anayeosha injini kwa pampu ya presha, mwambie aache.