Jibu: Kwa nini nyumba za Bend hukoma ghafla ukingoni mwa mji

Ndugu, umeuliza kwa nini pembezoni mwa Bend, jimboni Oregon, Marekani, nyumba zilizosongamana hukatika ghafla na kufuatiwa na miti ya mireteni na mashamba yenye nyumba moja moja. Sababu kubwa ni sheria, wala si ukame wa nyanda zile za juu. Tangu mwaka 1973 Oregon huutaka kila mji uwe na mpaka wa ukuaji, yaani mstari unaoonyesha mji utapanuka hadi wapi, na nje ya mpaka huo ardhi nyingi imetengwa kwa kilimo au misitu, hivyo kuikata viwanja vidogo ni vigumu mno. Bend ilipoomba mpaka wake uongezwe kwa zaidi ya ekari 8,000, jimbo liliukataa mpango huo mwaka 2010. Mwaka 2016 likakubali ekari 2,380 tu.

Deschutes River Woods, mtaa ulio kusini mwa mji, ilipimwa viwanja kabla ya sheria hiyo, ndiyo maana ina nyumba nyingi zinazotegemea makaro ya maji taka. Usishangae, hata hivyo, kukuta kwenye ardhi ya kilimo “shamba” la farasi wawili tu na nyasi zinazonyweshwa kwa mfereji. Ukikusudia kununua, tazama kwanza ramani ya matumizi ya ardhi ya kaunti.