Kulea Watoto wa Wenyewe: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Kila Novemba inapoelekea ukingoni, barua zinazofika katika ukurasa huu hubadilika sura. Wazazi walioko Dar es Salaam wameanza kukata tiketi za kupanda nyumbani Kilimanjaro kwenda kuhesabiwa, yaani kukutana na ukoo wakati wa Krismasi, vijana wa kidato cha nne wamemaliza mitihani na wanakaa tu wakisubiri matokeo, na hapo katikati huzaliwa kazi isiyo na mkataba wala jina rasmi, yaani kukaa na watoto. Nimechagua barua nne. Nimefundisha darasa la awali hapa Moshi kwa miaka mingi na nimelea watoto wa wenyewe wengi kuliko wangu, kwa hiyo mengine nitayajibu kwa uzoefu, na yanayohusu afya nitashika yale ambayo wataalamu wanakubaliana.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 18, nimemaliza kidato cha nne na niko kwa bibi mzaa baba, Kibosho. Desemba baba wakubwa na baba wadogo huja na familia zao, na kila wakubwa wanapokwenda kwenye kipaimara, harusi au kikao cha ukoo, watoto huachiwa mimi. Mwaka jana walikuwa sita, mdogo kabisa akiwa na miaka miwili na mkubwa miaka tisa. Waligombea simu yangu kuanzia asubuhi, na kufika jioni sauti ilikuwa imenikauka kwa kukemea. Mwaka huu nifanyeje, na niwachezeshe michezo gani?
Binti wa Kibosho

Marahaba, mwanangu, na pole kwa sauti. Lawama za mwaka jana si zako peke yako, kwa sababu waliokuachia watoto sita bila kukuachia maelezo yoyote nao wana fungu lao. Mwaka huu, kabla gari halijatoka getini, shika daftari na kalamu umuulize kila mzazi mambo haya: mtoto wake ana pumu, kifafa au tatizo lolote la kiafya, kuna chakula kinachomdhuru, anatumia dawa gani na saa ngapi, wao watarudi saa ngapi, na nani mwingine apigiwe simu ikiwa yao imezimwa kanisani. Andika pia namba ya jirani mwenye gari, kwani huko mlimani jirani huyo atakufikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto ziandikwe ukurasa huohuo. Usione haya kuuliza. Mzazi atakayenuna kwa kuulizwa kama mwanawe ana pumu, mwache anune.

Jambo la pili ni kuzunguka kihamba kizima, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, peke yako, ukitazama kila kitu kwa urefu wa mtoto wa miaka miwili. Watoto waliokulia mjini hawaujui mfereji, hawajui kwamba mundu wa kukatia majani ya ng'ombe huachwa umechomekwa kwenye mgomba, na hawajui kwamba majivu ya jiko la kuni huwa na moto chini. Vyombo vyenye makali vipandishwe juu, shimo lolote lifunikwe, na ndoo za maji zifunikwe au zimwagwe, kwa kuwa mtoto mdogo akitumbukia kichwa katika ndoo yenye maji kidogo tu hawezi kujiinua, na hazami kwa kelele. Kisha waoneshe watoto mpaka kwa kitu kinachoonekana, kwa mfano mgomba ule au ukuta wa banda, kwa sababu onyo la "msiende mbali" halina maana kwa mtoto ambaye kwake mbali ni Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye michezo, ambayo ndiyo uliyoniuliza. Mimi huuona mchezo kama kamba ya kuwafunga watoto machoni pako bila wenyewe kujua kwamba wamefungwa, na kwa sababu hiyo nauchagua kwa kuangalia utawaweka wapi kabla ya kuangalia utawafurahisha kiasi gani. Kombolela ni mchezo mtamu, lakini watoto sita wakijificha katika migomba, wewe peke yako utawatafuta hadi magharibi. Uuweke kwa siku ambayo kuna mkubwa mwingine. Rede inafaa zaidi, kwa sababu wote hukaa uwanjani: wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja aliye kati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na wanaosubiri zamu wanahesabu. Mkubwa wa miaka tisa mpe uamuzi, maana mtoto wa umri huo akipewa cheo huacha uchokozi. Mdogo wa miaka miwili mkalishe karibu nawe na kikombe cha plastiki, kijiko cha mwiko na mchanga wake mwenyewe. Mdako nao uwe wa wale wenye miaka saba na zaidi, huku mdogo ukiwa umembeba mgongoni kwa mbeleko, kwa kuwa kokoto zote za mdako zina ukubwa wa koo lake.

Kazi niliyoona ikiwatuliza watoto wa mjini kwa siku mbili mfululizo ni kujenga nyumba ya majani makavu ya migomba. Wewe wakatie fito na kuzisimamisha, wao wabebe majani, wafunge kwa kamba za mgomba na kugawana vyumba. Watagombana kuhusu vyumba, na huo ni ugomvi mzuri, usiuingilie upesi. Asubuhi na jioni watoe nje wautazame mlima, wachore kwenye daftari kama Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, imetoka au imejifunika, na baada ya wiki wahesabu ilitoka mara ngapi. Kisha mwombe bibi awasimulie jinsi Mawenzi alivyokwenda kwa Kibo kuomba moto na akarudi amepigwa, ndiyo sababu kilele chake kimechongoka. Bibi ataisimulia vizuri kuliko mimi, nawe utapata nusu saa ya kuosha vyombo.

Simu usiifiche kabisa, ipangie saa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, nayo ikipungua ni bora zaidi. Wape muda huo mchana, mdogo akiwa amelala. Kuhusu kugombana, chunguza kwanza saa. Ugomvi mwingi wa saa tano asubuhi ni njaa, na sahani ya mtori huumaliza bila kesi.

*

Mwalimu, shikamoo. Ninalea mtoto wa miezi tisa hapa Usa River, mama yake akiwa kazini. Akiondoka mtoto analia karibu nusu saa, kwa hiyo mama ameanza kutoka kwa mlango wa nyuma kimyakimya. Je, ni sawa? Pia naogopa sana asije akapaliwa.
Dada wa Usa River

Marahaba, binti yangu. Kutoroka kwa mlango wa nyuma kunampa mama nafuu, lakini mtoto anabaki na hofu. Katika umri huo mtoto ameanza kuelewa kwamba mama yake yupo hata asipoonekana, ila hajajua kwamba atarudi, na mama anayetoweka ghafla humfunza kukaa macho muda wote. Mwambie mama aage kwa ufupi, kwa maneno yaleyale kila siku, akukabidhi mtoto mkononi, kisha aondoke asirudi kuchungulia. Kilio kitapungua baada ya siku kadhaa. Mchezo unaosaidia sana ni ule wa kujifunika uso kwa kanga na kuuliza, "Dada yuko wapi?" kisha kufunua na kusema, "Huyu hapa!" Watu huuona kuwa mchezo wa kumchekesha tu, kumbe ndani yake mtoto anajifunza kwamba kilichofichika hurudi. Mfiche pia kijiko chini ya kitambaa, umwache akitafute.

Hofu yako ya kupaliwa ni ya haki. Mtoto huyo ale akiwa amekaa wima na wewe ukimtazama, asile akitambaa wala akiwa amelala na chupa. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu si vyakula vya mtoto aliye chini ya miaka minne, na zabibu zikatwe kwa urefu. Asali asipewe hata kwa kulambishwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvishinda.

Akipaliwa na akawa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe ukiwa karibu naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, piga kelele mtu aje, kisha mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua na taya ukiishikilia, umpige mara tano katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, kichwa kikiwa bado chini, umkandamize katikati ya kifua mara tano. Rudia kwa zamu, mgongo na kifua, hadi kitoke au msaada ufike, na akizimia aanze kupewa huduma ya kupumulishwa na kukandamizwa kifua huku akikimbizwa hospitali. Usitumbukize kidole kinywani kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Maneno hayafundishi mikono, kwa hiyo siku ya kliniki mwombe muuguzi akuoneshe kwa mwanasesere. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja hakandamizwi kifua bali tumbo, juu ya kitovu, na hilo nalo uoneshwe.

Kwa kuwa uko Usa River, nikukumbushe maji. Vyanzo vingi vinavyotoka upande wa Mlima Meru vina floraidi nyingi, ambayo hufanya meno ya watoto kuwa ya kahawia tangu yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Muulize mama ni maji yapi ameyatenga kwa uji, nawe ushike hayo tu.

*

Mwalimu, nakaa na watoto wa dada yangu, miaka minne na sita, katika vyumba viwili vya kupanga hapa Kaloleni, Arusha. Mvua ikinyesha hatuna pa kwenda, baridi inaingia, na huwa naingiza jiko la mkaa ndani. Niwachezeshe nini?
Mama Mdogo, Arusha

Mama Mdogo, nianze na jiko kwa sababu haliwezi kungoja. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huwalevya watu usingizi na kuwaua bila kikohozi. Mkaa ulioiva na kuacha kutoa moshi unaitoa vilevile. Jiko libaki nje barazani, na watoto wavae sweta na soksi. Kwa bahati mbaya kukitokea kuungua, mwagia sehemu hiyo maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta ya kupikia.

Kwa mchezo wa ndani, hakuna unaoshinda duka. Kusanya makopo na maboksi matupu ya majani ya chai, sabuni na chumvi, andika bei kwenye vipande vya karatasi, na vifuniko vya soda viwe pesa. Wa miaka sita atauza na kurudisha chenji, wa miaka minne atanunua na kulalamikia bei, na wewe ukiingia kama mteja mkorofi watacheka hadi majirani waulize. Umeme ukikatika, washa tochi uwaoneshe vivuli vya mikono ukutani, sungura kwanza kwa kuwa ndiye rahisi. Vitendawili navyo havihitaji chochote. Wape mji kila wewe unaposhindwa kutegua, maana mtoto anayekusanya miji hachoki. Siku ya chapati wape vipande vya unga uliokandwa wafinyange wapendavyo, hata kama chapati zao zitatoka za kijivu.

*

Shikamoo. Jirani ana binti wa miaka 12, mtulivu kuliko watu wazima wengi. Naweza kumlipa akae na pacha wangu wa mwaka mmoja na nusu siku za Jumamosi?
Mama Pacha, Sakina

Hapana, mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kumwajiri mtoto, na hata hapo kazi iwe nyepesi, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Sheria ikiwekwa kando, pacha wa umri huo hukimbilia pande mbili kwa wakati mmoja, na binti wa miaka 12 ana mikono miwili na uzoefu wa kujilea mwenyewe tu. Anaweza kuja kucheza nao ukiwa wewe ndani unafua, na hiyo itakupa pumziko halisi.

Kwa Jumamosi tafuta mtu mzima. Mwite siku moja kabla, akae nawe kwa muda wa saa mbili, umtazame anavyowabadilisha nepi na anavyoongea nao wakilia. Mweleze saa zao za kulala, kwa kuwa watoto wa umri huo huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na wa mchana. Malipo na saa ya kurudi kwako mkubaliane kabla ya kuondoka. Ukichelewa uongeze, na umlipe siku hiyohiyo, tena ukumbuke nauli, kwa sababu ikifika jioni na mvua hii, daladala za Sakina huwa hazina nafasi na itambidi apande bodaboda.