Debian 10 hadi 12: pita kwanza 11

Yaya, umeuliza kama seva ya shule yenu pale Ibanda inaweza kuruka moja kwa moja kutoka toleo la 10 la Debian (mfumo endeshi wake) hadi la 12. Hapana. Debian hairuhusu kuruka toleo: nenda 11 kwanza, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, ndipo 12. Usikawie lakini, maana msaada wa usalama wa 10 uliisha Juni 2024.

Kabla ya yote, nakili data kwenye diski ya nje, kisha jaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine. Nakala isiyojaribiwa mimi siihesabu.

Matokeo ya wanafunzi yako kwenye PostgreSQL, ile programu ya hifadhidata? Hapo ndipo wengi hujikwaa. Debian 10 ina PostgreSQL 11, Debian 12 ina PostgreSQL 15, na data haihami yenyewe. Ihamishe kwa amri ya pg_upgradecluster, na usifute toleo la zamani la PostgreSQL mapema.

Umeme wetu wa Bukavu unaujua. Chaji betri za inveta, anza Jumamosi asubuhi, na kama unaingia kwa mbali fanyia kazi ndani ya programu ya tmux, ili mtandao ukikatika kazi iendelee kwenye seva.